Tabora, mahali maji yanapoachana njia

Mwaka 1858 John Hanning Speke alikuwa na desturi ya kuchemsha maji safarini, wala si kwa ajili ya chai. Alitumbukiza kipimajoto katika maji yanayotokota, akasoma namba, kisha akafungua majedwali yake na kupiga hesabu. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo hewa inavyopungua uzito na maji yanavyochemka mapema. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Tabora, iliyo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 96. Msafiri wa zama zile asiye na chombo kingine cha kupimia kimo cha nchi aliitegemea sufuria.

Speke na mkuu wa msafara, Richard Burton, walikuwa wamefika Ziwa Tanganyika Februari mwaka huo. Sufuria ilisema ziwa liko kwenye kimo cha futi 1,850 hivi, yaani mita 560 na ushei. Hesabu hiyo ilipungua kwa mita zaidi ya 200, maana ziwa liko karibu mita 770. Si haki kumcheka. Tofauti hiyo kwenye kipimajoto haifiki hata nyuzi moja, na vyombo vyake vilikuwa vimebebwa vichwani mwa watu, mvuani na juani, kwa zaidi ya miezi saba. Agosti alifika ziwa jingine la kaskazini, akalibandika jina la malkia wake Victoria, na safari hii akapata kama mita 1,140. Vipimo vya sasa vinasema 1,134 au karibu na hapo.

Kwa Speke namba hizo mbili zilitosha: ziwa la juu ndilo mama wa Nile, na la chini halina njia ya kupeleka maji huko. Burton hakukubali. Ugomvi wao ulivuma London kwa miaka, lakini mzizi wake uko Kaze, kitongoji cha Waarabu kando ya Tabora ya leo, ambako mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaeleza wageni hao kuwa bara lina maziwa kadhaa, si moja kubwa kama ramani za Ulaya zilivyochorwa. Burton alibaki Kaze akikusanya habari. Speke alitoka huko Julai 1858 na baada ya siku 25 alikuwa anatazama maji upande wa Mwanza.

Katika siku hizo 25 alitoka kwenye nchi ambayo mvua yake humalizikia Bahari ya Atlantiki, akaingia kwenye nchi ambayo mvua yake humalizikia Mediterania. Hakupanda mlima wowote wa maana, wala hakupita katika genge au kileleni penye ubaridi. Alitembea tu katika nchi ya vilima vya mawe, mashamba na vichaka.

Tanzania hujitangaza kwa Kilimanjaro na mita zake 5,895, na mtu anayeijua kwa kalenda za watalii anaweza kudhani jiografia ya nchi ni habari ya vilele. Lakini sehemu iliyoamua watu wapite wapi, reli ilazwe wapi na mji gani uwe njia panda haina kilele hata kimoja. Ni uwanda mpana wa magharibi, wenye mwinuko mdogo kiasi kwamba mito yenyewe husitasita kabla ya kuchagua upande.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo, pwani, hadi Tabora haikuanza kwa wepesi huo. Ilivuka Mto Ruvu, ikateremkia uwanda wa Mkata, ambao masika huwa bwawa la tope. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 na nusura msafara wake uishie humo. Baada ya Mkata ilikuja milima ya Usagara na Rubeho, ambako baadhi ya vilele hupita mita 2,000. Wasafiri wengi walijipenyeza kwa kufuata bonde la Mkondoa hadi Mpwapwa. Bonde hilo ni mlango wa asili, na mlango huo una bei yake: Wajerumani walipojenga reli ya kati walipita humo humo, na tangu hapo mafuriko ya kati ya Kilosa na Gulwe yameing'oa mara nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliisomba kiasi cha kusimamisha treni kwa miezi. Wajenzi wa reli mpya ya kisasa waliamua kutoboa mahandaki katika milima ya Kilosa, pengine kwa kuwa walikwisha kusoma historia ya Mkondoa.

Nyuma ya milima hiyo ni Ugogo, nchi inayokaa kwenye kivuli cha mvua. Pepo za bahari huacha unyevu wao kwenye miteremko ya mashariki. Dodoma huambulia mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Hapo msafara ulilipa hongo kwa watemi wa Kigogo kwa sababu rahisi: wao ndio waliokuwa na visima. Ukiambiwa kwamba hongo ilikuwa unyang'anyi, kama walivyolalamika Wazungu wote waliopita huko, kumbuka kwamba kisima cha Ugogo kilichimbwa kwa mikono na maji yake hayakutosha hata ng'ombe wa wenyeji.

Kisha ardhi inaanguka na kuinuka tena. Bahi iko chini, kama mita 830, ndani ya tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Mbele yake, Saranda na Kilimatinde, umesimama ukuta wa ufa, na abiria wa treni huusikia kwa masikio kabla ya kuuona kwa macho, maana injini hubadilika sauti. Ukishafika juu, Manyoni na Itigi, umeingia kwenye sakafu ambayo haitavunjika tena mpaka karibu na Ziwa Tanganyika.

Hiyo sakafu ni ya kale mno. Wanajiolojia huhesabu miamba yake, hasa granaiti, kwa miaka zaidi ya bilioni mbili na nusu. Ni kipande kigumu cha ganda la dunia kilichokataa kupasuka. Ufa mkubwa wa Afrika ulipokuwa ukiichana nchi kutoka kaskazini, ulifika hapa ukagawanyika: tawi moja likapita mashariki kwa Natron, Manyara na Bahi, jingine likazunguka magharibi kwa Albert, Kivu na Tanganyika. Katikati kikabaki kipande hiki, kimeinuliwa kidogo pande zote mbili na kulegea katikati. Ziwa Victoria limelala kwenye ulegevu huo. Ndiyo maana ni pana kupita maziwa yote ya Afrika na bado kina chake hakifiki mita 100, ilhali Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, lina kina cha mita 1,470.

Tabora iko upande wa kusini wa kipande hicho. Mji hauna mto mkubwa. Watoto wa Tabora wanaosoma shuleni kwamba miji huzaliwa kandokando ya mito wana haki ya kumwuliza mwalimu swali. Mji wao ulizaliwa kwa kukosa mto, maana penye mgongo wa nchi mito bado ni vijito, na msafara wa watu mamia kadhaa wenye mizigo ya kilo 30 kila mmoja ulipenda vijito kuliko mito. Kutoka Tura, upande wa mashariki, hadi Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, mpagazi hakuvuka maji ya kutisha.

Tazama maji yanavyogawana kutoka hapo. Mto Igombe, kaskazini ya mji, unakwenda magharibi kuingia Malagarasi, na Malagarasi inaingia Tanganyika. Maji ya ziwa hilo hutoka kwa Mto Lukuga kuelekea Kongo na Atlantiki. Maji ya kusini magharibi hufuata Ugalla, nayo hufika Malagarasi vilevile. Lakini mvua inyeshayo Igunga huteremka kwa Manonga na Wembere hadi Ziwa Kitangiri, ikatoka kwa Mto Sibiti na kufia katika chumvi ya Ziwa Eyasi. Kusini kabisa, Mto Rungwa hupeleka maji yake Ziwa Rukwa, ambalo nalo halina mlango wa kutokea. Upande wa mashariki wa Rungwa kuna Kizigo, unaokwenda Ruaha Mkuu, Rufiji na Bahari ya Hindi. Na kaskazini, huko Speke alikopita, Isanga unaingia Ziwa Victoria na Nile. Bahari tatu na maziwa mawili yasiyo na mlango vimegawana mvua ya nchi ambayo mtu angeweza kuizunguka kwa baiskeli. Ni kama paa la nyumba ambalo fundi hakuliinua vya kutosha: matone mawili yanayodondoka karibu hayajui yataangukia uani au barazani.

Bonde la Manonga linaonyesha kwamba mgawanyo huo haukuwa hivyo siku zote. Miaka milioni nne au tano iliyopita palikuwa na ziwa, na katika udongo wake wataalamu wamechimbua mifupa ya tembo wa kale, viboko na nguruwe. Ziwa Victoria lenyewe ni jipya kwa hesabu za miamba, kiasi cha miaka laki nne: mito iliyokuwa ikitiririka kwenda magharibi ilizuiwa na mwinuko wa ukingo wa ufa, maji yakarudi nyuma na kujaa. Nchi iliyo tambarare hivi, ikiinuliwa mita chache tu, hubadili mwelekeo wa mito.

Ramani hizo kubwa zina ramani ndogo ndani yake. Kila kilima cha Unyamwezi na Usukuma hurudia mpangilio ule ule: juu mawe ya granaiti, chini yake mchanga mwepesi unaofaa karanga, mihogo na viazi vitamu, chini zaidi udongo mgumu unaotuamisha maji, na mwisho kabisa mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka kinamo masika. Wakulima wa huku wana jina kwa kila ngazi. Mchanga wa juu ni luseni, udongo mgumu wa kati ni itogolo. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alizunguka Tanganyika miaka ya 1935 na 1936 na kuujengea nadharia mpangilio kama huu wa udongo unaobadilika kwa kufuata mteremko. Nadharia hiyo sasa inafundishwa vyuo vikuu duniani kote. Mkulima wa Nzega anayejua pa kupanda mpunga na pa kupanda karanga hakuhitaji kuingia darasani kwa hilo.

Mpunga wenyewe ulikuja na njia hii. Waarabu na Waswahili waliupeleka bara pamoja na miembe, vitunguu na ngano, na mbuga, zilizokuwa malisho na tope tupu, zikawa mashamba. Mchele wa Igunga na Nzega leo unasafirishwa mbali.

Juu ya udongo huo mwepesi wa kichanga imesimama miombo. Mtundu, muba, myombo, mninga, mkurungu: miti hii huota pale ambapo rutuba imechujwa na mvua kwa muda mrefu, na ina tabia ya ajabu ya kutoa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, Septemba na Oktoba, kabla hata tone la mvua halijaanguka. Tabora hupata kama milimita 950 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, kisha anga hufunga. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wana misimu miwili. Hapa ni mmoja, mrefu, kwa sababu mkanda wa mvua unaolifuata jua hukaa kusini kwa miezi hiyo na kuvuta pia hewa yenye unyevu kutoka Kongo.

Kalenda hiyo iliupangia ujana wa Unyamwezi maisha. Baada ya mavuno, Mei, barabara za msituni zilipokauka, vijana walifunga mizigo yao wakashuka pwani. Aliyetaka kulima mwenyewe alijitahidi kurudi kabla ya mvua. Safari ya kwenda Bagamoyo ilichukua miezi mitatu hivi. Kijana ambaye hajaiona pwani alikuwa na shida ya kuposa.

Na kwa nini vichwa na mabega, wakati dunia nzima ilikuwa na punda na ngamia? Jibu limo ndani ya miombo hiyo hiyo. Mbung'o, anayeishi kwenye kivuli cha misitu hii, huua ng'ombe na punda kwa nagana. Stanley alileta punda kutoka pwani, njia ikawamaliza. Hivyo pembe za ndovu, shanga, chumvi na majora ya merikani vilibebwa na watu, makumi ya maelfu kila mwaka ilipofika mwisho wa karne ya 19, wengi wakiwa Wanyamwezi wa ujira waliojua kudai posho yao na kugoma wasipopewa. Pamoja nao walipita watumwa waliofungwa minyororo, wakiwa hawana ujira wala hiari. Njia ilikuwa moja. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, ikitaja vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Kabla ya Tabora wapagazi walikuwa na Mgunda Mkali, kipande kisicho na maji kati ya Ugogo na Tura, kinachogusa vichaka vya Itigi, ambavyo hufungamana kiasi cha kumzuia mtu kutoka nje ya njia. Walikishinda kwa telekeza: kunywa adhuhuri, kuondoka jua likiwa bado kali, kulala bila maji na kuamka alfajiri ili kufikia kisima kinachofuata kabla mchana haujaanza. Mbinu hiyo ilitegemea kujua hasa umbali kati ya maji na maji. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, aliyekosea aliwaua watu.

Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ndipo David Livingstone alipomsubiri Stanley apeleke wapagazi kutoka pwani, mwaka 1872, akakaa hadi Agosti. Tembe lake, nyumba ya paa la udongo lililo bapa, sasa ni makumbusho. Mwaka uliotangulia Stanley mwenyewe alikuwa amekwama hapo kwa vita kati ya Waarabu na Mirambo, mtemi wa Urambo. Mirambo alielewa jiografia ya njia kuliko wote waliokuja kuichora: aliyekaa Urambo, magharibi ya Tabora, alikuwa amekaa juu ya mgongo huo huo, na kuuziba kulikuwa kuwaachia misafara mabonde ya matope. Stanley alilazimika kushuka kusini, kuzunguka msituni kupita Mto Gombe na kuingia milima ya upande wa Mpanda, kabla ya kurudi kaskazini kuelekea Malagarasi. Alifika Ujiji Novemba 1871. Wakati huo mzunguko wake ulionekana kama ushujaa. Ukiutazama kwenye ramani, ni gharama ya kuondoka mgongoni.

Malagarasi ndiyo mto wa kwanza halisi baada ya Tabora, na hapo Burton alitozwa nauli na mtawala wa kivuko. Chini kidogo, unapokutana na Ruchugi, ni Uvinza. Chemchemi zake hutoa maji ya chumvi kali, na watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa miaka isiyopungua elfu moja na mia nne, kwa ushahidi wa vyungu na majiko yaliyochimbuliwa huko. Msafara uliokwenda Ujiji mtupu ulirudi na chumvi.

Mto huu unavutia kwa jambo jingine. Ni mzee kuliko ziwa unalolimwagia maji. Samaki kadhaa wa Malagarasi wana ndugu katika mito ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na si ndani ya ziwa lenyewe, kwa sababu kabla ufa haujafunguka mto huu huenda uliendelea moja kwa moja kuelekea Kongo. Ziwa likaja likaukata katikati. Mabwawa yake pamoja na ya Muyovozi na Sagara yamekuwa tangu 2000 ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Halafu ardhi inavunjika, na ziwa linaonekana chini. Burton aliliona tarehe 13 Februari 1858. Speke, macho yakiwa yamevimba kwa ugonjwa, hakuona ila ukungu. Usawa wa maji hayo haukuwa tulivu: katika miaka ya 1870 ulikuwa juu sana kwa kuwa Lukuga ilizibwa na matope na mimea; ilipofunguka mwaka 1878 hivi, ziwa likashuka mita nyingi. Ndiyo sababu mnara wa Livingstone, Ujiji, hauko tena ufukweni. Miaka ya hivi karibuni maji yamepanda tena na kufunika nyumba na gati katika mwambao wa Kigoma.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikikanyaga karibu nyayo za wapagazi. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Reli ya kisasa, ambayo sehemu yake ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza kuchukua abiria mwaka 2024, inaendelezwa kuelekea Makutupora na Tabora, na njia panda itakuwa pale pale.

Mji wenyewe ulilipa bei ya kukosa mto. Mabwawa ya Kazima na Igombe yaliutunza kwa shida, na kila mwaka wa kiangazi kirefu foleni za ndoo zilirefuka, huku misitu inayolinda vyanzo ikichomwa katika mabani ya kukaushia tumbaku Urambo na Sikonge. Suluhisho limetoka kwa ziwa la Speke. Maji yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, kutoka ambako yalikwisha kupelekwa Kahama na Shinyanga, na bomba likaongezwa kutoka Solwa hadi Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa India. Lazima yasukumwe kwa pampu, kwani ziwa liko chini ya mji. Mkataba wa 1929 wa maji ya Nile kati ya Uingereza na Misri ungetaka Cairo iulizwe kwanza. Serikali ya Tanganyika ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi nao, na bomba lilijengwa kwa msimamo huo. Maji ya Nile sasa yanapandishwa mgongoni na kuteremshwa mabombani Tabora, na yanayotumika na kumwagwa hufuata mteremko wa Igombe kwenda Malagarasi, yaani upande wa Kongo.